Dalali wa Songea anayeanza na mlango wa choo

Mwenye nyumba anausifia umeme wake, lakini Devota Komba anamsikiliza kwa sikio moja. Amepiga magoti kwenye kizingiti cha choo cha nyumba moja mtaani Msamala, gauni kalikusanya mapajani, futi ya kupimia kaivuta kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine.

"Kila mpangaji ana luku yake," anasema mwenye nyumba. "Na maji hapa hayasumbui."

"Sentimita hamsini na nane," Devota anajibu, akiinuka na kujikung'uta vumbi. "Samahani baba, mteja wangu hapiti hapa."

"Kwani ni mnene kiasi gani huyo?"

"Si mnene. Anatumia kiti cha magurudumu."

Mzee anageuka kukitazama choo chake kana kwamba kimejengwa jana. Devota anaandika namba ile kwenye daftari, anaaga na kuita bodaboda. Ni saa tatu asubuhi na ana nyumba tatu nyingine za kuona kabla ya adhuhuri.

Devota ana miaka arobaini na sita, na huu ni mwaka wa kumi na saba anafanya udalali wa vyumba mjini Songea. Madalali wamejaa mjini, lakini akitokea mteja asiyeweza kupanda ngazi, wengi wao humwambia, "Mtafute Devota." Wengine wanamwambia hivyo kwa heshima, wengine kwa kukwepa usumbufu. Mteja wa aina hiyo huchukua siku nyingi kumpatia nyumba, na malipo ni yaleyale ya mwezi mmoja wa kodi.

"Mwezi mzuri naweza kupata laki mbili na nusu," anasema. "Mwezi mbaya nauza mihogo ya kukaanga. Sioni aibu."

Hakuanza hivi. Miaka minane iliyopita alikuwa dalali kama madalali wengine, wa kufungua mlango, kuonesha chumba na kuchukua chake. Ndipo akampangishia Mzee Hironimus, dereva mstaafu wa lori aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Chumba kilikuwa kizuri, chenye dirisha kubwa. Mbele yake kulikuwa na ngazi tatu.

"Ngazi niliziona," anasema Devota. "Nikajisemea, ni tatu tu."

Wiki mbili baadaye alikuwa akipita mtaa ule, akaona aingie kumjulia hali. Alimkuta mzee amekaa kitandani, mchana kweupe.

"Nikamwambia shikamoo baba, akaitikia vizuri tu. Nikamuuliza mbona hutoki nje kuota jua. Akasema, mwanangu, tangu uniingize humu sijatoka. Hata maji ya kunywa nimeyaacha mchana, maana nikinywa nitataka kwenda chooni, na kijana wa kunibeba anarudi jioni."

"Hakunilaumu. Bora angenitukana," anasema Devota.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa jirani yake wa Bombambili, fundi mwashi Leonce Haule, wakakubaliana kujenga njia ya mteremko juu ya zile ngazi. Waliimaliza kwa siku moja, wakaitazama na kuridhika. Siku ya tatu kiti cha magurudumu kilirudi nyuma kikiwa katikati ya mteremko, Mzee Hironimus akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono.

"Tulikuwa tumejenga mlima," anasema Leonce. Leo anaweza kulisema hilo akicheka, ila siku ile, anakiri, alitamani kuacha kazi ya uashi kabisa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimhudumia mzee ndiye aliyewafundisha. Kila sentimita moja ya kwenda juu, aliwaambia, inahitaji sentimita kumi na mbili za urefu. Walibomoa, wakajenga upya. Mzee Hironimus bado anaishi pale, na jioni hukaa nje akiuza vocha na karanga.

Tangu hapo Devota amewapatia makazi watu thelathini na mmoja wenye ulemavu. Aliyemtoa jasho kuliko wote, anasema, ni Mwanne Saidi.

Mwanne, mwenye miaka thelathini na moja, ni mzaliwa wa Nakapanya, wilayani Tunduru, kutoka familia ya wakulima wa korosho. Pikipiki aliyopanda iligongana na gari miaka minne iliyopita, uti wa mgongo ukaumia, na nguvu za miguu hazikurudi. Akajifunza kushona kwa cherehani cha mkono, akapata nafasi katika kikundi cha mafundi nguo mjini Songea, akawa anaishi kwa kaka yake, Twaha. Mwaka jana, mvua zikiwa zimeanza, Twaha alihamishiwa kituo kingine cha kazi. Nyumba ilikuwa ya mwajiri wake, ya kurudishwa mwisho wa mwezi.

"Nikikosa chumba narudi Nakapanya," anasema Mwanne. "Nyumbani ni kwetu, nawapenda. Lakini kule ningekaa uani nikiletewa chakula. Huku nashona sare za shule, nina wateja wangu."

Zilibaki siku kumi na nane. Nyumba saba zilimkataa. Mwenye nyumba mmoja alisema magurudumu yatachubua sakafu. Mwingine alikubali kwenye simu, akabadilika alipomwona Mwanne getini. "Alisema amekumbuka kuna mpwa wake anakuja," anasimulia Devota. "Mpwa huyo mpaka leo hajafika."

Nyumba ya nane ilikuwa Bombambili, ya mama mjane aitwaye Theodosia. Chumba kilikuwa kipana, mlango ungeweza kupanuliwa. Tatizo lilikuwa kibaraza cha mbele, kilichoinuka sentimita hamsini kutoka chini. Leonce alipiga hesabu: mteremko wa mita sita. Uwanja wa mbele haukufika mita sita, mpaka mteremko ukunje kona na kupita juu ya tuta la mboga.

"Mchicha wangu?" Mama Theodosia aliuliza. "Hapana. Hiyo ndiyo chumvi yangu na sabuni yangu. Chumba nampa, mboga simpi mtu."

Devota alibembeleza. Alisema mboga zinaweza kuoteshwa kwenye viroba. Mama akazidi kukunja uso. Leonce akaanza kukunja futi yake. Wote watatu walikuwa wakizungumza kupita juu ya kichwa cha Mwanne, ambaye tangu afike alikuwa amesalimia tu.

"Samahani, mama," Mwanne alisema. "Choo kiko wapi?"

"Nyuma kule."

"Basi mbona tunagombania mbele?" Akamgeukia Devota. "Dada Devota, mlango wa mbele mimi nitautumia nikienda kazini na nikirudi. Chooni naenda mara ngapi kwa siku? Hamjaniuliza hata mmoja."

Hakusubiri jibu. Alisukuma magurudumu yake kupitia ubavuni mwa nyumba, na wao wakamfuata. Nyumba imejengwa penye mwinuko, kama nyumba nyingi za Songea, na kadiri walivyokwenda nyuma, ardhi ilipanda taratibu kuufuata msingi. Walipofika mlango wa nyuma, kizingiti kilikuwa juu ya ardhi kwa kimo cha kiganja tu. Choo kilikuwa hatua nane kutoka pale.

Leonce alichuchumaa, akapima. "Sentimita kumi," alisema. "Mita moja na kidogo inatosha."

Kilichobaki ni banda la kuku, lililoegemezwa ukutani na kuibana njia kiasi kwamba kiti kilipita kwa kukwaruza. Devota alivuta pumzi, akijiandaa kubembeleza upya.

"Kuku nitawahamisha," Mama Theodosia alisema kabla Devota hajafungua mdomo. "Wale wana miguu."

Mwanne ndiye aliyeanza kucheka.

Kazi ilichukua siku nne, mbili kati ya hizo mvua ikinyesha na zege likifunikwa kwa turubai. Leonce alipanua mlango wa choo, akaugeuza ufungukie nje, akakita bomba la chuma ukutani pembeni ya choo cha kukaa. Kila nyundo ilipogonga, Mama Theodosia alitoka kuuangalia ukuta wake. Siku ya mwisho alitoka na chai.

Mwanne alihamia zikiwa zimebaki siku mbili mwezi kuisha. Kabla mizigo haijaingia ndani, alikwenda chooni. Devota, Leonce, Twaha na Mama Theodosia walisimama nje wakitega sikio, kila mmoja tayari kukimbilia ndani. Walisikia kitasa kikifungwa. Kisha sauti ya Mwanne:

"Ondokeni basi! Mnanisimamia mpaka huku?"

Twaha alikwenda nyuma ya gari la mizigo. Devota anasema alimkuta huko amejiinamia, anafuta machozi kwa shati. "Aliniambia, dada, miaka yote hii mlango wa choo nilikuwa naushikilia mimi."

Kwa Devota, somo halikuwa la vipimo. "Nilidhani nimeshaijua kazi hii," anasema. "Kumbe miaka yote nilikuwa napima nyumba bila kumuuliza atakayeishi humo. Siku hizi sivuti futi mpaka mtu aniambie siku yake inavyokwenda, akiamka anaanza wapi, anamalizia wapi."

Sasa ana mpango mwingine. Amechoka kubomoa milango, anasema, anataka kuiwahi kabla haijajengwa. Msamala na Bombambili misingi inachimbwa kila wiki, na mlango mpana ukiwekwa mwanzoni unaokoa matofali badala ya kuyaongeza. Yeye na Leonce wameanza kuwatembelea wanaojenga nyumba za kupangisha, na mwaka huu wanataka wafikie hamsini. Ijumaa, ambazo Mwanne hufunga cherehani mapema, wanakwenda naye.

Ijumaa iliyopita walikuwa kwenye kiwanja cha mfanyabiashara mmoja kijana, Abasi. Vigingi vya msingi vilikuwa vimekitwa, kamba zimevutwa, mafundi wanasubiri. Devota alimweleza habari za milango ya sentimita tisini na kibaraza cha chini. Abasi alisikiliza kwa adabu, akatazama ramani yake, akatikisa kichwa.

"Dada zangu nimewaelewa," alisema. "Ila nyumba hii nitaishi na familia yangu upande mmoja, na upande mwingine nipangishe. Humu ndani hakuna mlemavu."

"Kwa sasa," alisema Mwanne. "Hata kwetu hakukuwa na mlemavu."

Abasi alimtazama, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe iliyojaa udongo. Halafu akamwita fundi wake, akamwambia ang'oe vigingi vya mlango na kuvikita upya, kwa sentimita tisini.