Mita Hamsini za Mzee

Kazi yangu Doha ilikuwa kusimamia usalama kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Nilikuwa na shahada ya fizikia kutoka Kenya, lakini pale nilitakiwa kujua mambo mawili tu: mtutu umeelekea wapi na kidole cha mtu kiko wapi. Basi la kazini lilituchukua mtaani kwetu Al Thumama mapema, maana jua likishapanda, meza za chuma ziliunguza viwiko.

Mteja niliyemzoea zaidi alikuwa mzee wa Kiomani aliyezaliwa na kukulia Unguja. Alikuwa amestaafu ukandarasi akabaki Doha. Kila mwaka, baridi ikianza Kanada, alimfuata binti yake huko, na mkwewe akampeleka msituni kuwinda kulungu. Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ya wenzo: chini, kuzunguka kifyatulio, kuna kipini cha chuma. Unakisukuma, ganda tupu linaruka. Unakirudisha, risasi nyingine imeingia.

Risasi alizijaza baruti mwenyewe, kwa kibali, katika chumba cha nyuma cha klabu ya uwanja ule. Alipima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, huku amebana pumzi.

"Ukijaza mwenyewe," aliniambia, "ukikosa unajua kwa nini."

"Au unajua pa kusingizia, mzee."

"Nyie Wakenya mnasomeshwa ubishi."

Nilimwuliza kwa nini asinunue mbuzi sokoni Al Wakrah, yakaisha. Akasema mbuzi wa kununua hana nafasi ya kumkimbia. Sikuona kama hilo lilikuwa jibu, na nilimwambia hivyo.

Sharti lake lilikuwa moja. Alikuja na sahani ya kikombe kutoka nyumbani, akaizungushia penseli kwenye karatasi ya shabaha. Mita mia, risasi tano, zote ndani ya duara. Ikitoka hata moja, mwaka huo hawindi. Aliwahi kumjeruhi kulungu akapotelea kwenye miti, wakamtafuta mpaka giza likaingia wasimpate. Kisa hicho alikisimulia mara moja tu, tena kwa ufupi.

Mwaka ule risasi zilitoka nje. Kwanza alilaumu miwani, kwamba ukitoka kwenye kiyoyozi inashika ukungu. Tukasubiri ukungu uishe, zikatoka tena. Kisha akailaumu baruti. Kila Jumamosi alikuja na mchanganyiko mpya, ameongeza chembe, amepunguza chembe. Tiketi ilikuwa tayari imekatwa.

Mimi sikuamini habari ya baruti. Alikuwa anabadilisha kitu kimoja kila wiki na kusahau kwamba kitu kingine hakibadilishwi kamwe: mpigaji.

"Tugawe kikasha kimoja," nikamwambia. "Tano upige wewe, tano apige huyu, bunduki hiyo hiyo. Zake zikitawanyika, baruti ina kosa."

Huyu alikuwa msimamizi wangu, Mganda aliyewahi kuwa mwanajeshi. Alinivuta kando. "Wewe, huyo ni mteja. Umekuja kazini au umekuja kufanya utafiti?"

"Na zisipotawanyika?" mzee akauliza.

Nikahesabu risasi kumi mezani, tano huku, tano kule. Alinitazama, akapiga zake tano, kisha akamsogezea msimamizi bunduki.

Nilikwenda kuzileta karatasi mbili. Ya mzee ilikuwa na tatu ndani, mbili nje. Ya msimamizi, zote tano ungeweza kuzifunika kwa biskuti.

Mzee aliziweka karatasi pamoja mezani. "Basi mizani yangu ni nzima," akasema. Akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, ingawa haikuwa na ukungu.

Msimamizi alinikodolea macho kana kwamba nimevunja kioo cha wenyewe. Nikauliza kilichokuwa kinanisumbua tangu mwanzo: "Hiyo mita mia ilitoka wapi?"

"Kwa mkwe wangu."

"Na huko msituni, kulungu huwa unamwona kwa umbali gani?"

Alifikiri. "Miti imebanana. Mara nyingi ni hamsini. Pakifunguka ndipo wanasimama mbali."

Tukaisogeza shabaha hadi mita hamsini. Nne ziliingia, ya tano ikaukata mstari wa penseli.

"Ndani," msimamizi akasema haraka.

"Nje," mzee akasema. "Wewe unanisifia ili nikupe zawadi? Weka karatasi nyingine."

Karatasi ya pili haikuwa na la kubishania. "Hamsini, basi," akasema. "Zaidi ya hapo namtazama tu."

Alirudi Doha kutoka Kanada kukiwa na baridi ya kuvaa sweta. Nilimwuliza habari za nyama.

"Hakuna. Dume lilisimama mteremkoni, limetugeuzia ubavu kabisa. Mkwe wangu ananinong'oneza, 'Piga, baba.' Nikaona ni kama mita themanini, nikashusha bunduki."

"Nani alipima?"

"Nani apime, mwanangu? Macho yangu."

"Macho haya haya tuliyoyapima hapa? Labda alikuwa kwenye hamsini."

"Labda."

"Kwa hiyo inawezekana ulimwacha bure."

"Inawezekana," akasema. "Sikuwa na hakika, ndiyo maana sikupiga. Sasa nikagulie bunduki, watu wananisubiri."

Akasukuma wenzo. Nikachungulia panapokaa risasi, nikatia na kidole kama kanuni inavyotaka. Ilikuwa tupu. Nikamruhusu aiweke mezani kwenye mstari wa kupigia, wenzo ukiwa wazi, nami nikaenda kubandika karatasi yake mita hamsini.