Ulimi wa Dada Baada ya Upasuaji

Dada yangu mkubwa ni mwoka mikate. Mtaani wanamwita Mama Unga. Yeye anaoka, mimi natia kwenye mifuko. Hajawahi kupima sukari maishani: huchovya kidole kwenye maji ya kukandia, akilamba, ameshajua.

Mwaka huu alikatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya uvimbe. Aliporudi kazini, wateja wakaanza kunung'unika.

"Mama Unga, huu mkate wa wagonjwa?" fundi viatu wa jirani alimuuliza.

"Mdomo wako umeharibiwa na soda, baba."

Mimi nilikuwa nimeonja, mkate hauna sukari, nikajua fundi hasemi uongo. Lakini kumwambia dada nilishindwa. Mimi si mtu wa maneno.

Kilichoninyima raha zaidi ni sahani yake. Alikula vijiko vinne, akaisukuma. Chai ya sukari ilimchefua. Kabla uvimbe haujagundulika, alianza hivi hivi.

"Uvimbe umerudi," aliniambia siku moja, bila kunitazama. "Usiwaambie wanangu."

Nikafunga duka, nikampeleka kliniki. Walimpitisha kamera kooni, wakachukua na damu. Nilikaa kwenye benchi nimekumbatia viatu vyake, sijui kwa nini.

Baadaye daktari alituita ndani.

"Hakuna uvimbe. Pamepona vizuri."

"Mbona hali chakula?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Chakula kikifika kwenye utumbo, unatoa homoni. Zinapita kwenye damu kupeleka habari kwenye ubongo: tumeshiba. Sasa tumbo lake ni dogo, chakula kinawahi kufika, na homoni zinatoka nyingi. Hamu inakatika mapema. Wengine hata utamu kidogo huwakinaisha. Ale kidogo kidogo, mara nyingi, na tumpime uzito kila mwezi."

"Kumbe nina utumbo wenye haraka kama mama mkwe," dada akasema. Daktari akacheka hadi akavua miwani.

Nje, dada aliketi kwenye ngazi akalia kidogo, kisha akajifuta kwa kanga.

"Kwa hiyo ulimi wangu ndio ulionidanganya, fundi viatu alisema kweli."

"Alisema kweli, dada."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akanichapa begani. "Wiki tatu mdogo wangu ananiacha niwauzie watu pamba!"

Nikacheka mpaka mlinzi akageuka kututazama. Muda mrefu sikuwa nimecheka hivyo.

"Kesho kanunue mizani ya jikoni," akasema, akinishika mkono ainuke.