Jenereta Isiyoazimwa

Mtu akikuambia jenereta ni jenereta, mwambie Onchiri, fundi wa stima wa Mogogosiek, amesema aende akalale. Miaka kumi na tisa natandaza waya kwenye nyumba za watu hapa. Nimeona watu wazima wakichagua jenereta kwa rangi. Nimeona mwalimu akilipia moja kwa sababu inanguruma sana, ati majirani wajue amenunua. Aliyechagua kwa akili nimemwona mmoja tu, na huyo nusura nimgombeze mbele ya watu dukani. Jina lake Rodah, lakini sisi tunamwita Mama Caren.

Si mtu mtamu, nisidanganye. Kwenye kituo cha kuuzia majani chai, karani akimpimia haraka haraka, yeye hushika mzani kwa mkono na kusema pima tena, hata foleni ikiwa imefika barabarani. Kanisani humkosoa mwalimu wa kwaya katikati ya wimbo. Mimi mwenyewe aliniita mara tatu kwa sababu swichi moja ya jikoni ilikaa upande. Mara ya tatu nilimwambia, "Mama, taa si inawaka?" Akanijibu, "Hata mlevi huwa anafika nyumbani, fundi, lakini hatusemi ametembea vizuri." Nikaitoa ile swichi na kuiweka upya, huku nikimtukana moyoni.

Mumewe, Mzee Bethwel, ni kinyume chake. Huyo ni mtu wa watu. Kila mazishi kutoka hapa hadi Silibwet yeye ndiye alikuwa anashika mike, anajua nani aongee kwanza na nani anyang'anywe mike kabla hajaharibu siku. Halafu mapafu yakachoka. Alilazwa wiki tano, akarudishwa nyumbani na mashine ya oksijeni, sanduku lenye magurudumu ambalo linachota hewa na kuichuja, na mpira mwembamba unampelekea puani. Inataka stima saa ishirini na nne. Na stima ya huku unaijua: mvua ikinyesha, mti mmoja ukiangukia waya, mnakaa giza siku mbili. Alipewa pia mtungi mdogo wa dharura, wa nusu saa, na ukiwa na bahati dakika arobaini. Kwa hivyo jambo lilikuwa wazi kabisa. Stima ikienda na hakuna jenereta, Bethwel anakwenda nayo.

Wa kwanza kuja na ushauri alikuwa Weldon, mdogo wake Bethwel, mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya ukoo. Mtu wa kifua mbele, sauti ya kuamrisha. Nilikuwepo, nilikuwa nimeitwa kupima mzigo wa ile mashine.

"Shemeji, ukoo umeamua," akasema. "Tutachanga tununue moja kubwa, ya wati elfu tano. Itakaa kwangu kwenye stoo, kwa sababu kuna kufuli. Mkipata shida hapa, tunawaletea."

"Na siku hiyo kukiwa na mazishi?" Rodah akamuuliza.

"Mbona unataja mazishi na mgonjwa amekaa hapo?"

"Mwenyekiti wa mazishi ni wewe, si mimi."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Weldon akanigeukia. "Wewe fundi, umekuja kupima waya au kusikiliza maneno ya boma ya wenyewe?" Nikashika mita yangu. Rodah akamwambia fimbo ya mbali haiui nyoka, na mchango wao hautaki hata senti. Wiki hiyo akauza mtamba aliyekuwa amebakisha mwezi mmoja kuzaa, tukaenda Bomet mjini kununua.

Alibeba ile mashine ya oksijeni yenyewe, amemwachia binti yake Caren mtungi na maagizo na kuhakikisha stima iko, tena alikuwa ameazima mashine nyingine kwa jirani ambaye mgonjwa wake alishapona, mzee akae nayo tukiwa njiani. Hiyo yake ameifunga kwa shuka mgongoni kama mtoto. Pale dukani muuzaji, kijana anayeitwa Antony, akamwambia, "Mama, hapa hatujaribu vitu vya wateja."

"Basi nasi hatununui vitu vya wauzaji."

Wakatazamana. Antony ndiye aliyeinama kuvuta kamba ya jenereta.

Tukaanza na moja ya bei nafuu, kubwa, nyekundu, kelele mpaka mtaa wa pili. Mashine ya oksijeni ikalia na taa ikawaka nyekundu. Nikamweleza Rodah kwamba stima ya jenereta kama hiyo inapanda na kushuka. Balbu haijali, lakini mashine ya pumzi inajali sana. Inatakiwa ile ya inveta, inayotoa stima iliyotulia. Antony akaleta mbili za inveta, moja ya wati elfu mbili na moja ya elfu moja na mia mbili. Tukajaribu zote mbili. Taa ya kijani, hakuna kulia. Rodah akakaa kwenye kreti ya soda, akaangalia saa ya ukutani, akasema kila moja iende saa nzima. Antony alitaka kulia.

"Chukua ya elfu mbili," nikasema. "Huku juu kwetu hewa ni nyepesi, injini inakosa pumzi kama mzee mwenyewe. Kilichoandikwa kwenye karatasi si kile utapata. Hiyo ndogo itabeba mashine na balbu moja, basi."

"Ya elfu mbili inaweza kuendesha spika za matanga?"

"Zile za wastani, ndiyo."

"Na hii ndogo?"

"Ukiiunganisha na zile spika itajizima."

"Nifungie hii ndogo," akamwambia Antony.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nyasae, Mungu wangu, fundi ni mimi au ni yeye? Nimeacha kazi yangu, nimekuja kumshauri mtu asiyeshauriwa! Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti, na wateja wakageuka. Alinijibu tulipokuwa tumeifunga kwenye keria ya matatu.

"Fundi," akasema, "mtu akija kuazima kitu cha kumzika marehemu, unamnyima kwa mdomo gani? Kwetu hakuna mdomo huo. Ukikataa, umekataa maiti, na watoto wako watatajwa kwa hilo. Sasa wacha mashine ikatae yenyewe."

Nikakaza kamba za keria. Kwetu Kisii pia hakuna mdomo huo.

Weldon alikuja kuiona, akaizunguka, akaigusa kwa ncha ya kiatu. "Hii ni ya watoto kuchezea. Haiwezi hata kuita watu kwa mkutano." Rodah akamwambia, "Ni kweli, ni ndogo sana. Pole." Hiyo ndiyo siku pekee nimemsikia akimwambia Weldon pole.

Miezi minne ikapita vizuri. Halafu baba mdogo wa Bethwel na Weldon akafariki, na siku moja kabla ya mazishi transfoma ikalipuka. Asubuhi ya mazishi nilikuwa kwa Rodah nikibadilisha oili, maana ile jenereta ilikuwa imefanya kazi tangu jana yake bila kupumzika. Nilikuwa nimeizima dakika kumi tu, mzee yuko kwenye mtungi, nikaiwasha tena. Mara pikapu ikaingia. Weldon na wanaume wawili.

"Shemeji, jenereta ya mtu wa spika imekufa. Tunachukua hiyo yenu kwa masaa matatu."

"Haiwezi spika."

"Tumetoa zile kubwa. Ni mike na spika moja ndogo. Mwenye mitambo anasema hata pasi inakula stima kuliko hiyo." Akanigeukia. "Si ni ukweli, fundi?"

Nikanyamaza. Na fundi akinyamaza, amejibu. Mpaka leo najichukia kwa hilo.

"Mzee ana mtungi," Weldon akasema.

"Mtungi ni wa nusu saa, na fundi ameshakula dakika kumi. Ukoo wenu umewahi kumzika nani kwa nusu saa?"

Hapo Bethwel akaongea kutoka kwenye kiti chake, sauti nyembamba. "Wape."

"Baba Caren, nyamaza upumue."

"Nimesema wape! Baba yangu mdogo azikwe kimya kimya na mashine iko kwangu? Mimi nitaitwa nani?"

"Utaitwa mzima."

Yule mzee akashika ule mpira, akauchomoa puani mbele yetu sote. "Sasa haina kazi," akasema. "Chukueni."

Weldon akaenda akashika jenereta kwa mkono wake. Haki ya Mungu, akaishika, na ndugu yake anahema pale! Rodah hakupiga kelele. Alikanyaga ule waya unaotoka kwenye jenereta kwenda kwa mashine ya mzee, kwa mguu mmoja.

"Ichukue, Weldon. Lakini umchukue na yeye. Mpakieni pamoja kwenye hiyo pikapu, mfike kaburini, na muamue ni nani ataingia wa kwanza."

Mmoja wa wale wanaume akavua kofia na kurudi kwenye gari. Midomo ya Bethwel ilikuwa inageuka rangi ya jivu. Weldon aliiona, nilimwona akiiona, na ndipo mkono wake ukaachia.

"Siku ya huyu ikifika," akasema, "usitume mtu kutuita."

"Sitatuma. Nitamzika na Onchiri."

Mimi nikashtuka, maana sikuwa nimeulizwa. Pikapu ikatoka. Rodah akakishika kichwa cha mumewe kwapani, vile ndama anavyoshikwa kunyweshwa dawa, akaurudisha mpira kwa nguvu. Mzee alimpiga kwa ngumi isiyo na nguvu, mara mbili, tatu, kisha akaanza kupumua na kulia.

Yule baba mdogo alizikwa bila mike. Wanasema waliokaa nyuma hawakusikia hata jina la marehemu. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo amekanyaga ile boma. Kwenye kituo cha majani chai wanawake wanaacha nafasi mbele yake na nafasi nyuma yake, na karani sasa anampimia bila hata salamu. Na Bethwel hamwongeleshi. Ni miezi saba. Anaogeshwa, analishwa, anageuzwa kitandani, kimya. Akitaka kitu ananingoja mimi: "Fundi, mwambie huyo mama chai yake ina sukari nyingi." Na huyo mama amesimama hapo hapo na birika mkononi.

Juzi nilikwenda kubadilisha plagi. Stima ilikuwa imepotea tena na jenereta inavuma taratibu chini ya dirisha. Rodah alikuwa anaosha kichujio cha ile mashine ya oksijeni kwenye beseni. Nikaona nimuulize, liwalo na liwe.

"Mama Caren, haya yote hayakuumi?"

"Yananiuma sana," akasema. "Kila siku. Unafikiri mimi ni jiwe?" Akakamua maji kwenye kile kichujio, akakipungia hewa kikauke. "Lakini wacha aninunie, Onchiri. Maiti hanuni."