Pawa Saplai Niliyoipima kwa Mkono

Dada yangu hawezi kutoka nyumbani mara moja. Anafunga mlango, anatembea hatua kama ishirini kuelekea pampu ya maji, anasimama, anarudi. Anaenda kuangalia pasi. Pasi yenyewe ni ya makaa, na makaa ameshayamwaga nje na kuyamwagia maji, nimemwona kwa macho yangu. Hata hivyo anarudi. Watoto wa majirani hapa Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wanamwigiza: wanatembea, wanasimama, wanajishika kichwa, wanageuka, halafu wanacheka mpaka wanakaa chini. Siku moja niliwafukuza kwa fimbo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, najijua, lakini hasira ya siku ile haikuwa ya watoto.

Anarudi kwa sababu anaamini aliunguza nyumba ya watu kule Kakoba, mjini Mbarara. Hakuunguza. Niliunguza mimi, na nilikaa na jambo hilo karibu miaka miwili bila kufungua mdomo.

Dada ndiye aliyenilea. Tulipokimbia kutoka Kivu ya Kusini mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na mgongo ulikuwa wake. Hapa Nakivale alijifunza kushona, akashona viraka miaka na miaka, mpaka akapata kazi ya kushona sare za shule moja ya Mbarara. Akapanga vyumba viwili Kakoba kwa mjane mmoja Mwislamu tuliyemwita Hajjati. Chumba kimoja cha kulala, kingine cha vyerehani viwili vya umeme. Alikuwa anakula kwa kazi ya mikono yake, hapangi tena foleni ya mgao wa chakula. Hajjati alikuwa na sharti moja tu. Nyaya za nyumba ni za zamani, marehemu mume wake alizifunga mwenyewe, kwa hiyo hakuna jiko la umeme. Taa, vyerehani na pasi, basi.

Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale Base Camp, penye ofisi na kliniki ya kambi. Kwenye simu za watu ndiko nilikoona video za vijana wanaochimba sarafu za mtandaoni nyumbani kwao. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza: kompyuta inapiga hesabu usiku na mchana, na mtandao unailipa vipande vidogo vya sarafu. Anayepiga hesabu hizo ni kadi ya grafiki, ile ile ambayo wengine wanaitumia kwa michezo. Inataka umeme usiokatika. Rubondo nilikuwa na sola ya kuwasha balbu na kuchaji simu. Dada alikuwa na ukuta wenye soketi.

Nilimwambia ni kompyuta ya kazi. Akaniangalia.

"Haitaniletea matatizo na Hajjati?"

"Dada, inakula umeme kidogo. Kama taa tu."

"Na moto yake?"

"Hakuna moto. Uniaminie."

Akaniaminia. Ndiyo kazi aliyoizoea.

Kadi niliichagua kwa wiki tatu. Mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, Mwislamu mwenye ndevu zilizotiwa hina, alikuwa na duka la kompyuta za mitumba, na nadhani alinichoka kabla sijanunua hata skrubu. Nilizigeuza kadi zake zote. Nilizinusa, maana kadi iliyochimba sana kwa mtu mwingine hutoa harufu ya vumbi lililoungua. Nilizungusha feni kwa kidole nikaweka sikio nisikie kama inakwaruza. Nilitazama skrubu kama zina mikwaruzo ya kufunguliwa. Niliuliza memori, nikataka ya giga nane, kwa sababu ya giga nne ilikuwa imeshaanza kushindwa na hesabu za siku hizo. Nilipoipata moja, yeye mwenyewe aliichomeka kwenye kompyuta ya duka, akaiacha ikifanya kazi, akaenda kuswali adhuhuri. Aliniacha peke yangu na mali yake yote. Aliporudi aliigusa kadi mgongoni kwa kiganja. "Hii nzima," alisema.

Wiki tatu kwa kadi. Pawa saplai niliichagua kwa dakika tano.

Nani anaipenda pawa saplai? Ni boksi la chuma lenye feni na mkia wa nyaya, linachukua umeme wa ukutani na kuugawia kadi na mama yao, ule ubao mkuu zinapochomekwa. Ni kama mpishi wa harusi, hakuna anayemkumbuka mpaka chakula kiungue. Yule mzee wa duka alinitolea mbili. Moja ndogo, kuukuu, nyepesi, imeandikwa wati mia nne na hamsini. Nyingine kubwa, nyeusi, bado ina nailoni, imeandikwa mia saba na hamsini kwa tarakimu za dhahabu.

"Ssebo, sikia," aliniambia. "Usisoma namba kubwa. Soma hapa chini, hii laini ya volti kumi na mbili. Unazidisha na ampea. Hiyo ndiyo nguvu ya kweli ya kadi." Kwenye ile ndogo alizidisha mbele yangu, hesabu ikakaribia kile kilichoandikwa. Kwenye ile kubwa, mahali pa namba ndogo palikuwa na maandishi yasiyosomeka. "Hii kubwa mimi sijui ndani yake. Ndogo najua. Ilitoka ofisini, imefanya kazi miaka mingi, haijasumbua mtu."

Mimi nikafanya nini? Nikaziinua. Moja mkono huu, nyingine mkono huu.

Mtu aliyekulia kwenye mgao atanielewa. Sisi hatusomi gunia. Gunia linaweza kuandikwa kilo hamsini na ndani zimo arobaini na mbili. Mizani nayo tumeona ikidanganya mchana kweupe, mwenye mizani akiwa amesimama pale pale anatabasamu. Kwa hiyo tunainua. Mama wa kambini anainua gunia mara moja tu na kukuambia kimepungua kibaba. Dada alinifundisha hivyo kabla sijajua kuandika jina langu: unga, maharagwe, sabuni, hata kuku unamshika miguu na kumpima kwanza. Maandishi ni ya wenye ofisi. Mkono ni wako.

Ile kubwa ilivuta mkono wangu chini. Ile ndogo ilipepea. Nilimcheka mzee moyoni, nikadhani anataka kunibambikia takataka ya ofisi. Nikachukua nzito.

"Kadi moja itavumilia," alisema akinifungia. "Kadi mbili, hapana. Umesikia? Mbili, hapana."

Nilisikia. Ningependa kusema sikusikia, lakini nilisikia vizuri sana.

Mashine niliiweka chini ya meza ya dada ya kukatia nguo, ndani ya kreti la soda, nikaifunika mbele kwa kipande cha kitenge ili Hajjati akipita asiulize. Chini ya meza ya mshonaji! Kila jioni feni zilikuwa zimevuta nyuzi na vumbi la vitambaa, na dada, ambaye hakujua hata kile kitu kinafanya nini, alikuwa anapiga magoti na kuzitoa kwa brashi ya rangi. "Mutoto yako anakula pamba," alikuwa akinitania kwenye simu. Miezi mitatu ilikwenda vizuri. Kwenye simu yangu niliona vile vipande vya sarafu vikiongezeka kidogo kidogo, nikaanza kujiona mtu. Nikataka kadi ya pili.

Sikuinunua kwa yule mzee. Niliogopa macho yake. Nilinunua kwa mtu mwingine sokoni, nikaenda nayo Kakoba asubuhi, nikaichomeka. Feni zilinguruma. Nilikaa nayo saa nzima, nikagusa boksi la pawa saplai, lilikuwa la moto kama sufuria. Nikajiambia kitu kizito hivi kinajua kazi yake. Dada alikuwa anapiga pasi sare za mwisho. Nikamuaga, nikaenda kula katogo, ndizi zilizopikwa na matumbo, kwa mama mmoja karibu na stendi ya boda. Nikakaa huko muda mrefu nikiwaeleza waendesha boda mambo ya sarafu, kama profesa.

Niliporudi, moshi ulikuwa unatoka dirishani. Dada alikuwa ameshatoka kupeleka sare shuleni. Majirani walikuwa wanakuja na madumu ya maji na mchanga, mmoja ameshazima umeme kwenye mita. Nikaingia. Watu walipiga kelele nisiingie, lakini niliingia, kwa sababu nilijua moto uko wapi. Meza ilikuwa inawaka kutoka chini. Kitenge kilikuwa kimekwisha. Boksi jeusi lilikuwa limepasuka ubavuni. Na juu ya kizingiti cha dirisha, upande wa pili wa chumba, mbali na soketi, niliona pasi ya dada. Waya wake ulikuwa umezungushwa vizuri kuizunguka, na ncha yake imepenyezwa katikati ya mizunguko, kama anavyofanya siku zote.

Nililiburuta kreti langu nje. Nyuma yangu wakaingia wengine, wakatupa uani kila walichokishika: vitambaa, vyerehani, pasi, vyote vikaanguka chungu moja kwenye tope. Dari la chumba liliungua nusu. Hakuna aliyeumia. Majirani walinisifu kwa kujitosa ndani.

Halafu mwanamke mmoja akaiona pasi kwenye tope. "Ni pasi," alisema. "Hawa washonaji, siku zote ni pasi." Hajjati aliitazama ile pasi, akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na kreti mikononi, na sikusema kitu.

Dada alifika anakimbia, kiatu kimoja mkononi. Walimwambia ni pasi. Alisimama pale uani. "Nilizima," alisema. Akafikiri. "Nilizima... Nazani nilizima." Akanigeukia mimi, mdogo wake, kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu. Na kweli nilikuwa nalo.

Nikamwambia, "Mutu anaweza kusahau, dada."

Maneno manne. Nimeyarudia peke yangu mara nyingi kuliko sala yoyote. Kunyamaza ningeweza kujisamehe siku moja, ningesema niliogopa. Lakini haya niliyasema kwa sauti ya huruma, na mkono wangu ukiwa begani kwake.

Hajjati hakumtukana. Alimwita ndani, akampa chai, akamwambia, "Mwanangu, sina hasira na wewe. Lakini sitapata usingizi tena." Dada alirudi Rubondo juu ya lori la mkaa. Vyerehani vya umeme vilikufa vyote viwili, na kazi ya sare ikachukuliwa na mtu mwingine. Siku hizi anashona kwa cherehani cha miguu, viraka, kama zamani. Mimi nililifungua lile boksi jeusi nyumbani kwangu. Ndani palikuwa na vipuri vichache vidogo vya kuaibisha, na chini yake, kimegandishwa kwa gundi, kipande cha simenti ukubwa wa mche wa sabuni. Ndicho nilichokipima dukani. Nilikitupa chooni. Kadi zote mbili zilizoungua niliziuza kama spea wiki ile ile, na sikuchimba tena.

Nilidhani yataisha hapo. Mimi mpumbavu. Dada akaanza kurudi mlangoni. Kwanza mara moja, halafu mara mbili, halafu tatu. Akaanza kuniuliza kama amekula, kama amelipa mtu wa sabuni, kama Jumapili tulikwenda kanisani pamoja. Hakuwa amesahau lolote. Alikuwa ameacha kujiaminia. Mwanamke aliyekuwa anapima kibaba kwa mkono mmoja sasa alikuwa haamini vidole vyake mwenyewe, na kila alipouliza nilijisikia mchafu, nikamjibu kwa ukali, nikimwambia ananisumbua.

Juzi asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa kitenge cha kanisani.

"Unaenda fasi gani, dada?"

"Base Camp, kwa muganga. Nimuambie kichwa yangu iko naharibika." Alisema hivyo kama mtu anayekwenda kununua chumvi. Alikuwa amefunga karatasi yake ya kliniki kwenye pindo la kitenge. "Nisipojua kama nimezima moto, siku moja nitaunguza batu ndani. Afazali banipatie dawa."

Alifunga mlango. Tulitembea mpaka karibu na pampu. Akasimama.

"Mudogo yangu, uende uniangalilie pasi. Miye nimechoka kurudi."

Nilikwenda. Nilifungua mlango. Pasi ilikuwa sakafuni, wazi, tupu, baridi. Niliigusa kwa kiganja. Nikarudi kwake.

"Imezimwa," nilisema.

"Asante."

"Na ile siku ya Kakoba ilikuwa imezimwa. Ulizungusha waya, ukaiweka kwenye dirisha. Niliiona. Moto ulitoka kwenye mashine yangu."

Wanawake wa pampuni walikuwa wanajaza madumu, wanaongea. Dada alinitazama usoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu ile siku?"

"Tangu ile siku, dada. Unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alifungua pindo la kitenge, akatoa karatasi ya kliniki, akaitazama, akanipa niishike.

"Basi siendi kwa muganga," alisema. "Naenda Kakoba, kwa Hajjati. Na weye unakuja. Utamuambia na mudomo yako."

Akaanza kwenda kuelekea barabarani, haraka, bila kugeuka. Nilipotazama nyuma niliona nimeuacha mlango wake wazi. Nikamwambia. Hakusimama, kwa hiyo nilirudi mimi kuufunga.