Kamera Yenyewe Inakuja

Ukienda harusini Morogoro na kamera ndogo, umekwisha. Watu wanaikagua kama mbuzi wa Idi: ikiwa ndogo, wewe tapeli.

Mimi nina ndogo. Ni mirolesi, haina kioo ndani, tena ni fulfremu, yaani sensa yake, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ni pana sawasawa na ya lile dude la mwenzangu niliyekuwa nafanya naye kazi. Tofauti ni umbo. Lake linaingia kadi mbili, moja ikifa nyingine inabaki. Betri yake inamaliza harusi nzima. Mpiga picha wa ukumbini na achukue hilo. Yangu inaingia kadi moja, tundu la kuchungulia ni dogo, vidole vinabanana. Lakini ipandishe mlimani uone! Inakaa mfukoni mwa koti, na ikipiga haitoi mlio hata chembe.

Sasa, jamaa mmoja wa mjini alituita wote wawili. Mama yake, bibi wa huko juu Uluguru, alikuwa mgonjwa, siku zake zinahesabika, na hakuwa na picha ila ile ya kitambulisho. Mwanawe alitaka moja nzuri ya sebuleni kabla mama hajaondoka. Pikipiki zilituacha barabara ilipoishia. Mwenzangu, na begi lake la kamera, lenzi na stendi, hakufika hata nusu. Misuli ilimkaza, akajibwaga kando ya kijito kama gunia la kabichi. Nikatangulia.

Bibi walishamtoa nje, amekaa kwenye kiti, kitenge kipya, kilemba kimefungwa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Piga upesi, mgongo unaniuma."

Jua lilikuwa zuri ajabu shavuni mwake. Nikainua kamera.

"Wewe dada!" Mwanawe akaja mbio, kiganja mbele ya lenzi. "Hicho kidude kawapigie watoto wa chekechea!"

"Kaka, picha ni ileile. Na mama anachoka."

"Tunasubiri. Kamera yenyewe inakuja."

Ndugu wakacheka. Mmoja akaniuliza kama inapiga na simu. Lo! Nilitamani kumzaba yule mwanaume kofi mbele ya mama yake. Tukasubiri. Ukungu ukashuka, migomba ikapotea, bibi akaanza kukohoa. Aliomba mara kadhaa apigwe tu na hiyo iliyopo, mwanawe akamwambia, "Vumilia, mama." Mwisho wakambeba ndani. Mwenzangu alipotokea anahema, bibi hawezi hata kukaa. Tukaambiwa turudi wiki inayofuata. Bibi hakuifikia hiyo wiki.

Baada ya arobaini, yule bwana akaja studio kwangu Msamvu, sauti imekuwa ya mkwe.

"Dada yangu, hukupiga hata moja?"

Moja ilikuwapo. Alipoziba lenzi siku ile, kidole changu kilikuwa kinabonyeza. Nikamfungulia kwenye kompyuta. Kiganja chake kimejaa picha nzima, mistari yote inasomeka, na pembeni ncha ya kilemba.

Akaitazama, akagusa kile kiganja kwenye skrini. "Huu mkono, siku hizi si mnaweza kuutoa?"

"Naweza. Ila nikiutoa, nyuma yake hakuna mama."

Akalia palepale kaunta. Sikumwonea huruma. Nikamwita mteja aliyefuata.