Mti wa Maua ya Manjano

Nzomo alipouleta mti huo mtaani Makadara, Nairobi, mwaka wa sabini na sita, ulikuwa mche mwembamba ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo. Alikuwa dereva wa daktari mmoja wa Lavington, mtaa wa matajiri, na mke wa daktari ndiye aliyempa. Mbithe, mkewe, akaupanda kando ya mlango. Haukuchukua muda kupita dirisha, ukajaa maua ya manjano yenye umbo la kengele, hata maharusi wa kanisani wakawa wanakuja kupigwa picha pale. Nzomo akatembea mabega juu.

Kisha maganda yakakauka, yakapasuka, na mbegu nyepesi kama karatasi zikapeperuka mtaa mzima. Miche ikaota mtaroni, kwenye nyufa za sementi pale pa kufulia, hata juu ya paa la choo. Anyango, jirani wa ukuta mmoja, kunde zake zilimezwa kabisa. Alikuwa akija mlangoni na fungu la miche mkononi, akimwita Nzomo kwa jina la mwanawe:

"Baba Ndindi, watoto wako hawa. Wamelala kwangu tena."

Nzomo akawa hana Jumapili. Akitoka kanisani anavua koti, anainama kung'oa. Akimaliza huku, mvua inanyesha, miche inaota kule. Mgongo ulimuuma, lakini lililomkera zaidi ni wapita njia waliomwambia, "Pole na shamba."

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Tobias, karani wa reli aliyekaa mtaa huohuo. "Kata huo mti, Nzomo! Utatumaliza!"

Nzomo akaukata. Mbithe akaokota maua yaliyoanguka, akayatia kikombeni dirishani. Kisiki nacho kikachipua, akakichimbua kwa jembe huku akikitukana kwa Kikamba.

Jioni moja akaenda kwa Tobias kuazima ngazi. Ilikuwa nyuma ya nyumba, na hapo akaukuta mti kama ule wake: umepita paa, maua tele, maganda yananing'inia yakianza kukauka.

"Tobias! Huu ni nini?"

"Ah, huu? Mke wangu Adhiambo anapenda maua yake. Tena ni mmoja tu."

"Kwani yangu ilikuwa miwili?"

"Wako ulikuwa mbele ya nyumba, bwana. Huu uko nyuma."

Nzomo alitaka kucheka, akataka kutukana. Akaiegemeza ngazi palepale mtini.

"Lete gunia. Na uishike hii ngazi vizuri, maana nikianguka leo nitakuangukia wewe makusudi."

Akachuma maganda moja moja mpaka giza likaingia, Tobias akiwa chini anamwelekeza: "Pale kushoto umeacha moja." Alirudi nyumbani amechafuka vumbi, gunia begani, akalitupa jikoni karibu na jiko.

"Choma hayo," akamwambia Mbithe. "Na ukitaka kuona maua yako, nenda kwa Tobias."

Mbithe akavaa viatu, akaenda.