Mkono Ulioshika Kamba ya Biskuti

Mzee Kasiani wa Sundbyberg, Uswidi, fundi mstaafu wa treni, hakuwadharau watu wengi, lakini aliowadharau aliwadharau kwa moyo wote. Birger Ashdown aliingia katika kundi hilo Jumamosi moja ya mwaka 2008, mchana kweupe, ndani ya maktaba alikokuja kuzungumzia kitabu chake, kahawa ikiwa bado ya moto.

Ashdown alikuwa mwalimu mstaafu, mama Mswidi, baba Mwingereza aliyekuwa fundi wa injini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa ametunga kitabu kizima kuhusu kambi ya baba yake, kambi ya ndege za jeshi la majini iliyosafiri melini ndani ya masanduku: mahema, karakana, jiko, hata mitambo ya redio. Ilisimamishwa kando ya kiwanja cha ndege huko Seilani, Sri Lanka ya leo, na vita viliposogea ikafungashwa tena kwenda mbele. Bwana huyo alisimulia huku akijipapasa tumbo, utadhani masanduku yale aliyabeba yeye.

Kasiani alikwenda kwa jambo moja tu. Marehemu baba yake, Bethuel, alichukuliwa Tanga mwaka 1943 akawa mfungaji masanduku wa kambi hiyo hiyo, na Kasiani alitaka jina lake liingie kitabuni.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na majina, kurasa kumi na moja. Marubani walikuwamo, wapishi walikuwamo, hata daktari wa meno aliyekaa wiki mbili. Biskuti, mbwa wa kambi, naye alikuwamo, pamoja na tarehe ya kufa kwake. Na Waafrika? "Vibarua wenyeji, takriban mia moja na arobaini." Wenyeji! Watu wa Muheza na Korogwe wamekuwa wenyeji wa Seilani! Huyo ndiye mwanahistoria aliyepigiwa makofi.

Kisha ikamulikwa picha ukutani. Biskuti ameketi juu ya sanduku, ulimi nje, na pembeni mkono mweusi umeshika kamba yake. Mkono tu, umekatwa na ukingo wa picha kwenye kiwiko. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Kasiani aliutambua. Kidole cha Bethuel kilikatwa na ukanda wa bati wa kufungia masanduku, na mzee hakuchoka kusimulia: "Mbwa wao nilimshika mimi wapige picha. Kwa mwingine hakutulia." Kasiani, wakati huo kijana wa sekondari mwenye vitabu viwili kichwani, alimjibu mbele ya wageni, "Baba, tuondolee porojo zako." Mzee hakuisimulia tena hadithi hiyo. Alizikwa mwaka 1977, mwanawe akiwa huku Uswidi masomoni, hajamwomba radhi.

Kasiani akanyoosha mkono kuelekea picha. "Huo mkono ni wa baba yangu."

Ashdown alitabasamu kama anayembembeleza mgonjwa. "Inawezekana, Kasiani. Ila historia inataka ushahidi wa maandishi."

"Na mbwa alileta maandishi gani?"

Watu wakacheka. Ashdown hakucheka, lakini aliahidi kulifikiria jambo hilo katika toleo la pili.

Kasiani akamwandikia barua ya kurasa mbili, binti yake Flaviana akainyoosha Kiswidi chake. Alieleza jinsi kambi ilivyofungwa: kitakachohitajika kwanza kiliingia mwisho, na chini ya kila kifuniko mfungaji aliandika jina lake kwa mkaa, ili spana ikikosekana huko mbele ajulikane wa kufokewa. Yaani walipotaka kumfokea Bethuel, jina lake walilijua vizuri sana. Akaambatanisha picha ya mzee harusini, mikono yote miwili mezani, vidole tisa.

Toleo la pili lilifika maktaba mwaka 2011. Kasiani alikwenda na Flaviana, akafungua nyuma kwanza. Vibarua wenyeji, takriban mia moja na arobaini. Akatafuta picha. Safari hii ilikuzwa, Biskuti amejaa ukurasa mzima, unaweza kumhesabu sharubu. Mkono ulikuwa umekatwa wote. Imebaki kamba, inakwenda pembeni na kuishia hewani.

"Pappa, kom nu," Flaviana alisema taratibu, akimshika bega waondoke.

"Nipe kalamu."

"Baba! Hiki ni kitabu cha maktaba!"

"Ndiyo maana."

Akafungua jalada, na kwa ndani, mahali ambapo mfungaji angeandika kwa mkaa, akaandika kwa herufi kubwa: IMEFUNGWA NA BETHUEL, TANGA. Alimdharau Ashdown, na alimdharau zaidi yule kijana wa sekondari.

"Ulimshika wewe, Baba," akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, katikati ya maktaba, na watu wakageuka kumtazama.